Nataka kazi ya kuchemsha bongo, lakini si ya kompyuta

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni na kazi yangu iko mjini, katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Naandika na kurekebisha programu za kompyuta. Mshahara si haba na wenzangu ni watu wazuri. Taabu ni kuwa nikitoka jioni sitaki tena kuona skrini, hata ya simu, na bado kichwa kinadai kazi.

Sikuchoka kufikiri. Kazi hii niliipendea kule kutafuta kosa: kitu hakifanyi, hujui kwa nini, unaondoa sababu moja moja hadi ibaki yenyewe. Siku hizi ni vikao na ripoti, na kosa nililolimaliza juzi linarudi kwa sura nyingine kila mfumo unapobadilishwa.

Mashoga zangu walinishauri nifume, nioke keki. Mikono ilishughulika, akili ikalala. Bao nalipenda kweli: mashimo 32, kete 64, unaanza na kete 22 mkononi na mapema tu unaingia mashaka, uilinde nyumba, lile shimo lako lenye kete nyingi, au uivunje. Lakini baraza za bao huku kwetu ni za wanaume, kwa hivyo nangoja mpaka kaka yangu atutembelee. Na bao likisha, likisha. Hakuna aliyefaidika nalo.

Ndipo cherehani cha mavyaa kikaanza kuruka mshono. Wauza leso wa Biashara Street wakanielekeza kwa mzee mmoja fundi. Nilidhani atakifumua chote, kumbe mwanzo bisibisi hata hakuigusa. Alizungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, akaniambia nitazame sindano. Inashuka mpaka chini. Ikianza kupanda, kama milimita mbili hivi, uzi unafanya kitanzi kidogo ubavuni mwake, na ncha ya kile chuma kinachozunguka bobini inapita wakati huo huo kukinasa. Ncha ikichelewa, au sindano ikiwa imepinda, kitanzi kinakosekana na mshono unaruka.

"Anza na sindano, ndiyo rahisi," akasema. Akatia mpya, wapi. Akautoa uzi akautia upya, wapi. Hapo ndipo alipochukua bisibisi, akalegeza skrubu moja, akasogeza kile chuma kidogo mno, nisingejua kama kimesogea. Kikashona. Shangazi, ile ni kazi yangu ya ofisini kabisa, ila hii naiona kwa macho na mwenye kitu anaondoka nacho kimepona.

Tangu hapo Jumamosi zangu ziko kwake. Sasa macho yanamsumbua, na ameniambia nichukue meza ya pili, malipo tugawane.

Nyumbani ndiko kwenye maneno. Mume wangu hapingi, anauliza tu watoto watakaa na nani. Mavyaa anasema sikusomeshwa hadi chuo kikuu nikajipake grisi njiani watu wakinitazama. (Cherehani chenyewe hakimtoki mikononi tangu kitengenezwe, lakini hilo nalimeza.) Na kama hayo hayatoshi, ofisini wananitaka niwe msimamizi: pesa zaidi, na programu nisiziguse tena ila kwa kusaini kazi za wengine.

Kuacha kazi sitaki, karo za watoto haziwezi kutegemea vyerehani. Ninachoogopa ni raha kugeuka deni. Nimeona Idi inapokaribia mafundi wa nguo wanavyomwandama yule mzee, kila mmoja chake kitengenezwe leo. Nikishapokea pesa ya mtu sitaweza kukaa na mashine wiki nzima kwa sababu tu inanivutia.

Niambie basi. Niichukue meza, au nibaki mwanafunzi asiyelipwa ili nisiwe na wa kunikimbiza? Hicho cheo nikikatae, au nikipokee kichwa kibaki na nafasi Jumamosi? Na mavyaa nianze naye vipi bila kumkosea adabu, maana tunakaa nyumba moja na ndiye anayenilelea watoto nikiwa kwa fundi? Mzee anataka jibu kabla ya Ramadhani, la sivyo meza atampa kijana mwingine.

Mama wa Wawili,
Kisauni, Mombasa