Barua kwa mwanangu mpiga besi

Majengo, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku hatujambo. Mgongo wa mama yako umetulia, mvua zimeanza, na juzi jioni mlima ulifunguka wote hadi wateja wakatoka nje na vitambaa shingoni kwenda kuutazama.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mwalimu wa kwaya amekuambia besi yako inakimbia, na wapo wanaoona heri gitaa likae pembeni, mpiga kinanda apige besi kwa mkono wa kushoto. Halafu mwishoni ukaandika, labda niache tu. Neno hilo nimelala nalo siku mbili. Sitaki uache. Ndiyo maana nakutumia ile CD.

Unaijua. Ile yenye picha ya mtu anayetokeza kwenye chombo cha anga, miguu nje, viatu vinang'aa. Ni Mothership Connection ya Parliament, kundi la muziki la Marekani, ilitoka Desemba 1975. Nyimbo saba, dakika 38 hivi. Katika CD zangu zote ni hiyo tu ambayo sijawahi kumwazima mtu. Niliipata mwaka 1999 kwa mteja wangu aliyekuwa akipandisha wageni mlimani. Mgeni mmoja alimwachia mfuko wa vitu siku ya kushuka, naye hakuwa na redio ya CD, akanipa mimi nikamnyoa miezi miwili bila kumdai.

Mwenye kundi ni George Clinton. Nilipokuja kujua kwamba huyu bwana alikuwa kinyozi, katika mji wa Plainfield, New Jersey, na kwamba wenzake wa kwanza aliimba nao pale pale kazini kwake, nilifunga mapema siku hiyo nikakaa kwenye kiti cha wateja nikaisikiliza upya yote. Tangu siku hiyo naisikia kama kitu kilichotoka kwenye chumba kama changu, chenye kioo, mashine ya kunyolea na watu wanaosubiri zamu.

Sasa habari ya besi. Kati ya wapiga besi wa humo yupo Bootsy Collins. Aliingia bendi ya James Brown, mwimbaji wa Marekani, mwaka 1970 akiwa na miaka 18, vidole vyepesi, anataka kujaza kila nafasi. James Brown akamdai kitu kimoja: pigo la kwanza. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Nyimbo nyingi za dansi za Marekani zilikuwa zinabebwa na mbili na nne. James Brown akauhamishia uzito kwenye moja. Ukishatua pale kwa mwili wote, hapo katikati una ruhusa ya kuzurura utakavyo, mradi moja inayofuata ikukute nyumbani. Bootsy alilishika somo hilo, na alipohamia kwa Clinton akaja nalo.

Nitakuambia ukweli kwa sababu nakupenda: mwalimu wako hajakosea. Nimeiangalia ile video ya Pasaka. Vidole vyako ni vizuri kuliko vya yeyote niliyemwona kwenye kwaya zetu huku, ila ile moja unaigusa na kupita, kama mtu anayepita mbele za watu msibani. Yote unayoyafanya baadaye ni mazuri, lakini waimbaji hawana pa kukanyaga. Weka wimbo wa sita, Give Up the Funk. Gitaa usilishike. Kaa, kanyaga moja kwa mguu, moja tu, mpaka wimbo uishe. Kesho yake urudie. Siku ya tatu ndipo ushike gitaa, nayo upige noti hiyo hiyo moja peke yake. Utachoka. Endelea.

Wimbo wa tatu utaruka, usishtuke. Hili sijawahi kukueleza vizuri. Usiku uliozaliwa, mwaka 2003, nilikuwa nafunga kazi. Jirani mwenye simu akaja mbio: ni msichana, kilo tatu na nusu, mama na mtoto wazima. Karatasi sikuwa nayo. CD hii ndiyo kwanza naitoa redioni, iko mkononi, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino tarehe, saa na kilo 3.5. Wino ulikuwa haushiki, nikabonyeza kwa nguvu.

Sikujua kwamba muziki wa CD haukai upande ule unaong'aa tunaoulinda sote. Upande ule ni plastiki nene, zaidi kidogo ya milimita moja, na mikwaruzo mingi midogo inavumilika. Muziki wenyewe uko upande wa maandishi, kwenye utando wa alumini uliofunikwa na vanishi nyembamba na rangi, basi. Nilipobonyeza kalamu niliugusa muziki wenyewe. Tena CD husomwa kuanzia ndani kwenda nje, na albamu ya dakika 38 haifiki ukingoni, huko nje ni patupu. Ningeandika ukingoni isingepotea hata noti moja. Mimi niliandika katikati. Kwa hiyo kama robo saa baada ya kuanza, inaruka mara mbili, halafu inaendelea. Mafundi wananiambia nitafute nyingine. Wimbo huo mzima ninao kwenye simu, na kila nikiusikiliza, pale pasiporuka naona pamepungua kitu.

Mama yako ana wasiwasi kwamba nampelekea mtoto wa kwaya muziki wa dunia. Nikamwekea wimbo wa pili. Wanafika mahali wanaliita gari la farasi lishuke, lisimame, wapate kupanda. Akaacha kuchambua mchele, akauliza, hilo si gari la Eliya? Ndilo. Ni wimbo wa kiroho wa zamani wa watu weusi wa Marekani, wajukuu wa waliouzwa utumwani. Clinton akalichukua gari lile akalifanya chombo cha anga, kwa sababu alitaka watu weusi waonekane mahali ambapo hakuna aliyetarajia kuwaona. Kwenye maonyesho yao ya mwaka 1976 chombo kilishuka kweli jukwaani, kikiitwa na sauti ya mwimbaji wao Glenn Goins, sauti ya kanisani kabisa. Goins alifariki mwaka 1978 akiwa na miaka 24. Chombo walichokitengeneza upya miaka ya 1990 sasa kimewekwa makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Babu yako naye aliuita uhuni. Mwaka 1969 muziki wa soul, wa hao hao watu weusi wa Marekani, ulipigwa marufuku kwenye kumbi za Dar es Salaam, ukaambiwa ni utamaduni wa kigeni, na maneno hayo yalipanda hadi huku. Baba yako mkubwa alikuwa akiificha suruali yake ya bugaluu chini ya godoro. Naelewa walichokuwa wanakilinda, nchi ilikuwa changa. Ila kwa hilo naona walikosea: walimfungia mlango ndugu aliyekuwa anarudi nyumbani. Akikuuliza mwalimu wako unajifunza wapi, mwambie bila kuficha, na umwekee wimbo wa pili.

Ukiifuta, tumia kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Upande wa maandishi usiuguse kwa chochote. Redio ile ndogo ya CD nimeifanyia usafi, inakuja pamoja nayo, na betri nne nimeziweka kwa sababu ya umeme wenu.

Basi linaondoka kesho alfajiri. Kifurushi nimekiandika jina lako na namba ya simu, konda nimemlipa, usimpe kitu tena. CD nimeizungushia kitenge ndani ya sufuria dogo. Ndizi mshare ziko mfuko wa pili, mama yako amesema uzile kabla hazijaiva. Nipigie ukimaliza siku ya tatu, uniwekee simu karibu na gitaa nisikie.

Wako,
Baba