Waya, usifagie fensi hadi Jumamosi

Waya, shangazi yangu, habari za huko Dunga kando ya ziwa. Najua hii barua utasomewa na mmoja wa watoto hapo nyumbani, na nimeiandika hapa mbele ya watu kwa sababu ile meseji nilikutumia juzi, kukuomba usifagie tando za buibui kwa fensi ndio nizipige picha, ulinijibu na sentensi moja tu, kwamba nyumba yenye tandabui ni nyumba haina mwenyewe, na tangu hapo hilo neno halijanitoka kichwani.

Kwa ndani ya nyumba nakubaliana na wewe. Sebuleni fagia, darini fagia, kwa pembe za choo fagia, hiyo ni nyumba yako na umeiweka safi tangu sisi tukiwa watoto. Mimi naongea juu ya ile fensi ya kayaba, ile miti ya miiba nyuma ya jiko, kale kakipande ka kutoka kwa tangi ya maji mpaka kwa mpapai. Hapo tu.

Unakumbuka Agosti nilipokuja? Nilifika jioni, nikazunguka huko nyuma na tochi ya simu, nikahesabu tando kumi na moja, zingine bado zinafumwa, nikaenda kulala nikijua kesho nina kazi. Alfajiri nikaamshwa na sauti ya ufagio. Nilipotoka na kamera mkononi fensi ilikuwa imepanguswa yote, na wewe umesimama hapo na leso kiunoni, umefurahi, ukaniambia umenisafishia ndio nipige maua vizuri. Nilishindwa kusema kitu. Nilikunywa chai nikarudi mjini. Sikukasirika Waya, nataka ujue hivyo, uliamka mapema kwa ajili yangu na hilo sijalisahau. Lakini niliumia, na nilikosea kunyamaza.

Uliniuliza siku hiyo, kama ni buibui nataka, mbona nisipige saa sita mchana kukiwa na mwanga wa kutosha. Ni swali zuri na nilikujibu haraka haraka, wacha nijaribu tena. Uzi wa buibui ni mwembamba kuliko unywele wako, mwembamba sana, kwa hivyo jua likiwa utosini linaangaza majani, linaangaza ukuta, linaangaza kila kitu nyuma ya ule uzi na wenyewe unapotea hapo katikati. Mwanga mwingi haukusaidii. Kinachosaidia ni jua liwe chini, liwe ng'ambo ya utando, wewe umesimama upande huu unaangalia kuelekea kule linakotoka, na nyuma ya utando kuwe na kitu cheusi. Hapo ndio kila uzi unawaka. Ukisonga hatua moja kushoto unazima wote kama stima imepotea, ukirudi unawaka tena. Nimewahi kukaa dakika kumi nikisogea tu hivi, kushoto kulia, sijabonyeza hata picha moja.

Na hiyo nafasi ni fupi huku kwetu. Tuko karibu na ikweta, si unajua kale kaalama pale Maseno barabarani, sasa jua halitembei pembeni pembeni linapanda wima, digrii 15 kila saa. Linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima ni hapo hapo, na ikifika saa moja na nusu tayari limeshapanda, umande umekauka, kaupepo kameanza na utando unacheza kama pazia. Nina saa moja tu. Nusu saa ya kwanza ndio tamu.

Nilijaribu njia ya mkato, sitakuficha. Nilipiga na flashi, uzi ukatoka mweupe mweupe kama kamba ya kuanikia nguo, nyuma giza tupu, hakuna asubuhi ndani ya hiyo picha. Siku nyingine nikanyunyiza maji na chupa ile ya kupulizia nguo pasi, matone yakawa makubwa yakavuta utando chini mpaka ukapasuka upande mmoja, na buibui akakimbia kwenye majani. Alikuwa amefanya kazi usiku kucha. Tangu siku hiyo sinyunyizi. Umande ukija ni sawa, usipokuja napiga uzi mkavu, nao ukipata jua la pembeni unaonyesha rangi za upinde wa mvua, kidogo tu, kijani na zambarau.

Hiyo kazi ya usiku ndio nataka uione siku moja. Yule wa kwako, mwenye mistari ya njano na nyeusi anayekaa katikati kichwa kikiangalia chini, kwanza anafunga nyuzi kavu zile za kutoka katikati kwenda nje, halafu anazungusha uzi wa muda, kama fundi anavyosimamisha miti ya kukanyaga akijenga ghorofa, halafu anaanza kutoka nje akirudi ndani na uzi wenye gundi huku akiutoa ule wa muda. Gundi yenyewe inakaa kwa vitone vidogo vidogo vimepangana kama shanga. Na utando wa jana anaula, anatumia tena malighafi yake kufuma wa leo. Ile zigizaga nyeupe anayochora hapo katikati, watafiti bado wanabishana ni ya nini, wengine wanasema inaita wadudu, wengine inaonya ndege wasipite hapo.

Wadudu wenyewe unawajua wewe kuliko mimi. Wale wa ziwani wanaosimama juu ya maji kama moshi, wakivuma nchi kavu unafunika sufuria na kuzima taa. Asubuhi baada ya usiku kama huo tando zako zinakuwa zimejaa mpaka zinalegea, kijivu kabisa, hizo hata sipigi.

Na kuna buibui mwingine hata hafumi mtego, yule mdogo wa kurukaruka anayekaa ukutani karibu na mlango. Pale Mbita, ng'ambo ya ghuba, watafiti walichunguza hao miaka, na mwaka 2005 utafiti ukachapishwa kwamba huko kwetu kando ya ziwa kuna mmoja anayependa kukamata mbu jike aliyeshiba damu, anamchagua kati ya wadudu wengine. Huyo ukimuona sebuleni, Waya, mpe siku mbili tatu.

Watoto wako na simu, waambie hata wao wanaweza. Wapanguse lenzi kwanza na kitambaa cha pamba, simu isimame sambamba na utando isiinamie, maana ikiinama nusu inaonekana nusu ni ukungu. Simu itakataa kushika uzi, itashika majani ya nyuma, sasa mmoja aweke kidole karibu na utando bila kugusa, mwingine abonyeze hapo kwa skrini ashikilie mpaka ifunge, kidole kitolewe, halafu apunguze mwangaza mpaka nyuma kuwe nyeusi. Wapige nyingi. Upepo ukija wangoje.

Lakini kitu kilichonifanya niandike ni hiki. Kabla ya ile siku ya ufagio, mwezi wa tano nilikuwa nimepiga picha moja hapo kwako, na juzi ndio nimeifungua kwa kompyuta nikaivuta karibu sana, karibu mpaka tone moja la umande likajaza skrini. Ndani ya tone kuna jiko lako. Limepinduka juu chini kama inavyopinduka kila kitu kwenye tone, mabati yako chini, mlango uko juu, na moshi wa kuni unashuka badala ya kupanda. Tone la pembeni nalo lina jiko, na linalofuata, uzi mzima, jiko lako mara thelathini na kitu nikihesabu. Na kwa mlango wa moja kuna kitu chekundu kidogo kama punje ya mtama. Nafikiri ni leso yako. Picha imetikisika kidogo kwa hivyo siwezi kuapa.

Nataka kuirudia vizuri. Nakuja Ijumaa jioni, nitabeba sukari na ile dawa ya magoti. Ufagio wacha tu nyuma ya mlango, na Jumamosi uwashe moto saa kumi na mbili na nusu kama kawaida yako, uvae ile leso nyekundu, usimame mlangoni. Usiangalie kamera. Fanya tu kazi zako.