Mechi isiyo na pigo: barua kwa Salim

Swahiba Salim,

Salamu nyingi. Nyumbani hawajambo? Sisi huku wazima, na joto limeshaanza.

Uliniuliza mechi isiyo na pigo ni nini, na kwa nini Wamarekani wana ligi kuu mbili za besiboli. Nakujibu yote kwa pamoja, maana yamefungamana.

Mechi hiyo ni pale timu inapomaliza duru zote 9 bila mpigaji wake hata mmoja kufika kituo, yaani mahali anapokimbilia baada ya kupiga, kwa pigo halali. Anaweza kupewa kituo cha bure, au kupenya kwa kosa la wapinzani, lakini pigo hakuna. Sifa huenda kwa mrushaji wa wapinzani, yule anayewatupia wapigaji mpira.

Ligi ya National ilianza 1876. American ikajitangaza ligi kuu mwaka 1901. Tofauti iliyotugawa mashabiki ilikuja 1973, American ilipomwondolea mrushaji zamu ya kushika rungu na kumpa mtu maalumu ambaye kazi yake ni kupiga tu. National hawakuikubali sheria hiyo kwa kudumu mpaka 2022.

Sasa pima mwenyewe. Warushaji wengi hawajui kupiga, kwa hiyo katika National, kati ya wapigaji tisa, mmoja alikuwa mteremko. American hapakuwa na pa kupumulia. Ndiyo maana mrushaji Nolan Ryan namheshimu kuliko wote: ana mechi 7 za namna hiyo, hakuna aliyemfikia, na 6 kati ya hizo alizipata American, chini ya sheria ile. Mwaka 1973 kule Detroit alikuwa hashikiki, hadi Norm Cash, mpigaji wa Detroit, akaja kupiga na mguu wa meza! Mwamuzi akamrudisha akachukue rungu. Ya saba Ryan aliipata 1991 dhidi ya Toronto, akiwa na miaka 44. Miaka 44, Salim!

Hata hivyo, mapenzi yangu yako National ya zamani, kwa sababu ya mrushaji Rick Wise. Tarehe 23 Juni 1971, akiwa mrushaji wa timu ya Philadelphia, aliwanyima pigo Cincinnati nzima, hata wapigaji wao mashuhuri Pete Rose na Johnny Bench. Tena zamu zake za kupiga zilipofika, akautoa mpira nje ya uzio mara mbili! Philadelphia 4, Cincinnati 0. Miaka miwili baadaye, mwenzake wa American asingeitwa hata kushika rungu.

Leo sheria ni moja, na tangu 2023 kila timu hukutana na kila timu. Wengi wamefurahi, walichoka kuona warushaji wakipiga hewa. Mimi naona tumepoteza kitu kikubwa. Amebaki Shohei Ohtani, anayerusha na kupiga, na sasa yuko National, kwa Dodgers, timu ya Los Angeles. Akifika duru ya saba hajaguswa, nitakupigia simu hata kama huko ni alfajiri, kwa hiyo usiizime.

Wasalimie wote,
Hamisi