Barua ya wazi kwa wadogo zangu na mabinti zangu wanaolalamikia ngozi iliyolegea

Hamjambo nyote.

Nawaandikia kwa pamoja kwa kuwa mmoja mmoja mmekuwa mkiniletea swali lile lile, tena kwa sauti ya chini kana kwamba mnaungama: ngozi ya mikono imelegea, ya tumbo haijirudi, ya mapaja imeshukia magotini; shangazi, tupake nini? Kila mara nashangaa jinsi swali linavyokuja likiwa limeshaamua kwamba jibu limo ndani ya kopo. Ndani ya kopo kuna kidogo, na nitawaambia ni kipi. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye misuli iliyo chini ya ngozi na kwenye jua linaloipiga kutoka juu.

Kwanza mjue kinachotokea, ili muuzaji asiwapige changa la macho. Bana ngozi ya mgongo wa kiganja chako kwa vidole viwili, iinue, kisha iachie. Ya mtoto hulala papo hapo. Ya mtu aliyevuka sitini hubaki imesimama kitambo ndipo ilale. Wengi huambiwa hapo kwamba hawanywi maji ya kutosha. Maji ni afya, kunyweni, lakini kwa mtu mzima hata madaktari hawakiamini sana kipimo hicho, maana kilichopungua ni elastini, zile nyuzi zinazoirudisha ngozi ikishavutwa. Elastini nyingi hutengenezwa tukiwa tumboni mwa mama na utotoni. Ikishaharibika, mwili hauwezi kuirudisha ilivyokuwa. Nyuzi nyingine, kolajeni, ndizo zinazoipa ngozi unene na uimara, na hizo mwili huendelea kuzitengeneza, ila baada ya ujana hupungua kwa wastani wa kama asilimia 1 kila mwaka. Kwa mwanamke kuna pigo la ziada. Katika miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, ngozi inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake. Kwa hiyo anayeniambia, "Shangazi, ni kama nimebadilika ghafla," hadeki. Anasema kweli.

Lakini hiyo ni habari ya ngozi peke yake, na ngozi haining'inii hewani. Imetandikwa juu ya mafuta na misuli, na misuli nayo huanza kupungua tukishafika thelathini, ikaenda kwa kasi zaidi baada ya sitini. Godoro likisinyaa, shuka lile lile lililokuwa limenyooka litajikunja. Hapo ndipo watu wanapopiga pasi shuka, na godoro hakuna anayeliangalia. Nyama ya nyuma ya mkono, ile inayotikisika ukimpungia mtu, mara nyingi ni msuli uliolala miaka mingi, na ngozi imebaki na nafasi ya kuchezea.

Habari njema ni kwamba misuli haina umri wa kukataa kazi. Mwaka 1990 watafiti huko Boston, Marekani, walichapisha habari za wazee dhaifu wa miaka 86 hadi 96, wakaazi wa nyumba ya kutunzia wazee, waliofanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kwa hiyo anayeniambia kwamba hamsini na mbili ni umri wa kustarehe tu, namsikiliza kwa heshima kisha nabadilisha mazungumzo. Na si misuli tu inayofaidika. Mwaka 2023 utafiti uliofanyika Japani, katika Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, uliwafuatilia wanawake wa umri wa kati ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi, kwa wiki 16. Waliofanya mazoezi ya kuongeza pumzi na waliofanya ya uzito wote walipata ngozi inayorudi vizuri zaidi ikivutwa, lakini unene wa tabaka la ndani la ngozi uliongezeka kwa wale wa uzito. Sijaona kopo lenye sifa hiyo.

Sasa mnifuate hapa, maana zoezi likifanywa ovyo halina faida. Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Keti nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote zikanyage sakafu, zikiachana kwa upana wa mabega, visigino vikiwa nyuma kidogo ya magoti. Kunja mikono kifuani. Inama mbele kidogo kisha simama bila kujisukuma kwa mikono. Kazi yenyewe ni kurudi: keti polepole ukihesabu moja mpaka nne. Usijibwage, kwani anayejibwaga amefanya nusu ya zoezi. Fanya mara 8 hadi 12, pumzika, rudia mizunguko miwili au mitatu. Kwa mikono, simama mbele ya ukuta kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, weka viganja ukutani, kisha shuka na kusukuma huku viwiko vikibana mbavu. Viwiko vikitawanyika, kazi inahamia kifuani, na ile nyama ya nyuma ya mkono mnayoilalamikia inaendelea kulala.

Ikishakuwa rahisi, ongeza uzito: shika chupa ya maji, kisha kubwa zaidi, kisha vyuma kama vipo. Kama unaweza kufanya zoezi huku unaongea na simu, huo si uzito. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mazoezi ya kuimarisha misuli yafanywe walau siku 2 kwa wiki, na kwa wenye umri mkubwa linasisitiza pia mazoezi ya kujiweka sawa usianguke. Ngozi itachelewa kuonyesha mabadiliko. Ngazi utaziona zimekuwa nyepesi kwanza.

Na misuli haijengwi kwa kujinyima. Mtu mzima anahitaji protini kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mwenye kilo 70 apate gramu 70 mpaka 84, kutoka kwenye mayai, samaki, nyama, maziwa au jamii ya kunde, na agawe katika milo yote badala ya kuirundika usiku. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza. Wale mnaokimbilia kupungua kilo nyingi kwa mwezi mmoja, nawaomba mtulie. Mwili unaopungua kwa kasi hula na misuli yake, hasa usipopewa mazoezi, na ngozi nayo hupunguziwa mafuta na misuli kwa mpigo. Nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki inatosha. Sindano za kupunguza uzito zilizoenea siku hizi nazo zinaangukia hapo hapo: anayezitumia kwa ushauri wa daktari ajue kwamba mazoezi ya uzito kwake si mapambo.

Kuna neno la pembeni kwa mabinti wanaonyonyesha, maana nimesikia wengine wakiwaachisha watoto mapema wakihofia matiti kushuka. Madaktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, walilichunguza jambo hilo na kuchapisha majibu mwaka 2008. Umri, idadi ya mimba, uzito wa mwili na uvutaji wa sigara vilihusika na kushuka kwa matiti. Kunyonyesha hakukuhusika. Mnyonyesheni mtoto kwa amani, na sigara iacheni, kwa sababu moshi wake hubana mishipa midogo inayolisha ngozi na kuchochea vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni.

Jua sasa. Vua shati usimame mbele ya kioo, ulinganishe ngozi ya upande wa ndani wa mkono, karibu na kwapa, na ile ya mgongo wa kiganja. Umri wao ni mmoja. Tofauti unayoiona, yale madoa, ule ukavu, vile vikunjo vidogo vidogo, kwa sehemu kubwa ni kazi ya jua. Miale inayoitwa UVA hupenya mpaka tabaka la ndani na kuvunja nyuzi nilizowatajia, na kioo cha dirisha hakiizuii yote. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28: upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa na makunyanzi mazito na ngozi nene iliyolegea, wa kulia ukiwa na nafuu kubwa. Mtu mmoja, uso mmoja.

Na kinga inafanya kazi. Huko Nambour, Australia, watu wazima wa chini ya miaka 55 waliopaka krimu ya kuzuia jua kila siku kwa miaka minne na nusu walionyesha kuzeeka kwa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka kwa kujisikia. Wenye ngozi nyeusi tumepewa melanini nyingi, ile rangi ya ngozi, nayo ni kinga ya kweli, ila haitoshi peke yake dhidi ya UVA. Vaeni mikono mirefu na kofia pana, kisha sehemu zinazobaki wazi pakeni krimu ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua) au zaidi, iliyoandikwa kwamba inazuia UVA pia, mrudie kila baada ya saa mbili mkiwa juani. Shingo, kifua na mikono husahaulika, halafu ndizo zinazosema umri.

Haya, makopo. Krimu iliyoandikwa "kolajeni" haiingizi kolajeni kwenye ngozi yako, kwa sababu chembe yake ni kubwa mno kupita tabaka la juu. Inalainisha, basi. Kulainisha si kitu cha kudharau, lakini mafuta mazito ya kawaida, au losheni yenye gliserini au urea, yatafanya hivyo hivyo, mradi yapakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Ngozi iliyolainika huonekana imejaa zaidi mpaka kesho yake.

Vitu vyenye ushahidi wa kubadilisha ngozi kwa ndani ni vichache. Viongozi wake ni dawa za jamii ya vitamini A: tretinoini, ambayo huandikwa na daktari, na dada yake mpole zaidi, retinoli. Hupakwa usiku, kidogo, kwa kuanzia siku mbili kwa wiki kwa sababu huwasha na kubandua ngozi. Usitarajie kitu kabla ya miezi mitatu. Mjamzito asiziguse, wala anayetafuta mimba. Losheni yenye asidi ya laktiki kwa kiwango cha kama asilimia 12 nayo imeonekana kunenepesha ngozi kidogo, na inafaa mikono na miguu. Zote mbili huifanya ngozi iwe nyepesi kuumizwa na jua, kwa hiyo asiye tayari kujikinga asianze.

Krimu isiyo na orodha ya viungo vyake msiipake hata mkipewa bure. Huo ni mbuzi kwenye gunia. Nyingi za zile zinazong'arisha na "kukaza" kwa wiki moja zimechanganywa steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, na steroidi ikitumiwa kwa muda huikondesha ngozi mpaka mishipa ionekane, ikatoa michirizi, ikachubuka kwa kuguswa tu. Nyingine zina zebaki, inayodhuru figo. Aliyetumia steroidi kwa muda mrefu asiiache ghafla bila daktari, maana ngozi inaweza kulipuka kwa wekundu na muwasho.

Unga wa kolajeni wa kunywa tumbo huusaga kama protini nyingine yoyote. Yapo majaribio yaliyoonyesha nafuu ndogo, lakini yaliyolipiwa na wauzaji yana kawaida ya kupendeza kuliko yasiyolipiwa nao. Mimi fedha hiyo ningeinunulia mayai. Mikanda ya kubana na plastiki za kujifunga tumboni hutoa jasho, na jasho hurudi ukinywa maji. Mashine za mawimbi ya redio na za mawimbi ya sauti hukaza kiasi kwa mwenye ulegevu mdogo, kwa vipindi kadhaa na kwa gharama. Mwenye ngozi nyeusi ajihadhari zaidi na leza, amtafute fundi anayeijua ngozi yake, la sivyo atatoka na madoa.

Aliyepungua makumi ya kilo akabakiwa na ngozi inayoning'inia tumboni nitamwambia wazi: hakuna mazoezi wala krimu itakayoimaliza. Ni upasuaji, na hakuna aibu ndani yake. Uzito uwe umetulia kwa miezi 6 walau, sigara iwe imeachwa wiki kadhaa kabla, na ajue kwamba kovu la tumbo hutoka nyonga hadi nyonga. Akiamua kubaki alivyo, pia sawa. Mikunjo aioshe, aikaushe vizuri kila siku, isije ikaota fangasi na vidonda.

La mwisho si la urembo. Kama ngozi imelegea kwa sababu mwili unapungua wenyewe, bila kujinyima wala kuongeza mazoezi, nguo zinapwaya na hujui kwa nini, hapo msinitafute mimi. Inaweza kuwa kisukari, tezi ya shingoni, kifua kikuu au saratani. Nendeni mkapimwe wiki hiyo hiyo. Kiti kitawasubiri.

Wenu,
Shangazi