Bibi, huku nako wana visima vyao

Shikamoo bibi, naamini hamjambo wote hapo Tanga. Mimi mzima, baridi ndo inanitesa, na kazi ya kulea wazee inavunja mgongo ila tunashukuru.

Sasa nikupe stori. Siku yangu ya ofu mwenzangu wa kazini kanipeleka Liscannor, huku Clare, Ireland, karibu na yale majabali ya Moher wanayojazana watalii, kuna kisima cha Mtakatifu Brigid kando ya barabara. Bibi, unaingia kijikorido cheupe, kuta zimejaa rozari, sanamu, picha za marehemu, picha za wagonjwa, barua za maombi, vingine vimeshalowa unyevu lakini nani athubutu kutoa, mwishoni huko ndo unakuta maji. Watu wanazunguka kwa kufuata jua, kisima kiwe mkono wa kulia, wanasali Baba Yetu na Salamu Maria, na raundi wengine wanahesabia vijiwe wasije wakapotea. Siku ya Brigid ni tarehe 1 Februari, tangu 2023 serikali imempa na sikukuu, watu wanapumzika (sisi wa wazee tunaingia kazini kama kawa).

Visima hivi nchi nzima viko kama 3,000, hiki cha kuombea macho, kile cha meno, kingine cha kichwa. Pembeni ya vingine kuna mti, mara nyingi wa miiba, unafunga kitambaa kilichogusa panapouma, kikioza na ugonjwa unaisha. Sasa kuna wajuaji wanafunga nailoni, hiyo itaoza lini jamani?

Kuna bibi mmoja namhudumia, yeye ndo kaniambia maji yale ukibandika jikoni hayachemki hata uchochee mpaka kesho, na mtu akifulia nguo mle kisima kinakasirika kinahamia kwingine. Ukiona samaki ndani, ujue umejibiwa. Anayasema hayo huku anameza vidonge vyake vya presha.

Nikakumbuka sadaka za mapangoni Amboni, hata wale wanaojidai hawaamini wakipita pale hawagusi kitu. Huku hivyohivyo.

Maji nimeteka kachupa kadogo. Ila bibi, kuhusu hilo jicho usisubiri maji ya huku, hela nimeshamtumia mjomba akupeleke hospitali, na akikwambia haijaingia anakudanganya, meseji ninayo.