Kabla hujakata tiketi

Delhi, 15 Novemba

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na baada ya salamu ninakuomba radhi, kwa kuwa barua yako ya Agosti nimechelewa kuijibu kwa makusudi. Mimi ni mzima, masomo yanakwenda, na Mama Mkubwa umwambie kile kikoi kimefika.

Uliniomba nikutafutie nafasi ya kujitolea majuma mawili kwa watoto wanaoishi kwenye stesheni ya treni ya New Delhi, kule ninakokwenda kila Jumapili. Jana ilikuwa Siku ya Watoto, ambayo Wahindi huiadhimisha tarehe aliyozaliwa Nehru, waziri mkuu wao wa kwanza. Tulipokuwa tukigawa ndizi na madaftari katika chumba chetu cha Paharganj, mtaa ulio jirani na stesheni, mvulana wa miaka kama tisa, mgongoni gunia la chupa tupu alizookota kwenye mabehewa, aliniuliza habari za yule kaka mgeni aliyemfundisha kusoma saa mwezi wa Mei. Kwa Kihindi changu cha kuokoteza nikamjibu, "Kal." Neno hilo kwao ni jana, na kesho pia ni hilo hilo, bila kitenzi huwezi kujua ni lipi. Mtoto akatua gunia, akakaa mlangoni kungoja. Yule kaka alikaa nasi siku kumi tu, kisha akarudi kwao.

Ndiyo maana ninasita kukuambia uje. Kazi hasa ni ya walezi wenyeji, wanaojua nani anavuta dawa ya kufutia wino kwenye kitambaa, nani amekimbia kipigo huko jimbo la Bihar na nani bado anaikumbuka namba ya simu ya mama yake. Wao ndio hupiga 1098, namba ya simu ya msaada kwa watoto, na ndio humfikisha mtoto mbele ya kamati ya ustawi wa watoto ndani ya saa 24, kama sheria ya watoto ya India ya 2015 inavyotaka. Mimi, mwaka wa pili huu, bado ninaosha vikombe na kusahihisha hesabu, na Kihindi changu wanakicheka, ingawa kwenye maneno kama gari, duka na chai, yanayofanana na yetu, tunaelewana bila mkalimani. Zile picha ulizotaka kupiga za kuchangishia fedha, nazo zisahau: sheria hiyo hiyo inakataza kumtangaza mtoto kwa jina au kwa sura.

Je, huwezi kuahirisha hadi upate walau miezi sita? Kihindi utaanza kujifunza lini? Hiyo nauli, ungekubali iingie kwenye mishahara ya walezi? Nawe ukininunia, utaninunia mpaka lini? Jana mvulana yule aliondoka saa mbili usiku. Jumapili akiniuliza tena, nimjibu nini?

Wako,
Rehema