Asante dada wa kwenye meli ya Ukerewe
Yule dada tuliyekaa wote kwenye meli ya kwenda Ukerewe, jina sikuuliza, asante sana jamani. Mi yule mwandishi Kezilahabi nilikuwa namjua kwa riwaya yake ya Rosa Mistika tu, ile ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni, we ukanipa habari zake mwanzo mwisho, kwamba kazaliwa Namagondo hukohuko kisiwani, kafundisha fasihi Chuo Kikuu cha Dar, akaenda Marekani kuchukua shahada ya udaktari (PhD), baadaye akafundisha Botswana, mpaka alivyofariki 2020. Halafu ile nakala yako ya Nagona, riwaya yake nyingine, ukaniachia kabisa! Ngumu kweli ila tamu mno, nimeimaliza na sasa naitafuta Mzingile yake. Popote ulipo dada yangu, Mungu akubariki sana.